Kupiga picha uvimbe ndani ya panya, Kisumu: tununue mashine gani ama tungoje kwanza?

nyarnam_maabara (Kisumu)

Habari zenu wote. Nisaidieni juu nimekwama na supavaisa anataka jibu Ijumaa. Niko masters, nafanya kazi na Burkitt lymphoma, ile kansa ya watoto ya taya. Wenye mko huku kando ya ziwa mnaijua. Mama analeta mtoto wa miaka sita akifikiri ni jino, meno ya nyuma yanachezacheza, yanang'olewa, wiki mbili baadaye shavu limefura mpaka jicho linataka kufunga. Inakua haraka kuliko karibu kansa zote za binadamu, uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja ama mbili. Dawa zipo, cyclophosphamide inatumika tangu miaka ya 60, lakini watoto wetu wanafika wamechelewa na dozi kubwa zinawachosha sana. Sisi tunajaribu dondoo ya mmea pamoja na dozi ndogo ya hiyo dawa tuone kama zikishirikiana zitafanya kazi.

Seli tunazotumia ni za Daudi. Kwa wasiojua, hizo seli zilitoka kwa kijana Mkenya wa miaka 16, uvimbe wa jicho la kushoto, mwaka 1967, na mpaka leo zinakuzwa maabara za dunia nzima. Mimi nikifungua friza nikiona hilo jina kwa kichupa huwa nasimama kidogo.

Shida yangu ni hii. Tuliandika kwa pendekezo kwamba tutakuwa na makundi mawili, tutaua panya sita kila kundi kila wiki kwa wiki tano, tupime uvimbe. Hiyo ni panya 60. Kamati ya wanyama wa utafiti imerudisha karatasi ikiuliza mbona tusipige picha panya walewale 12 wiki baada ya wiki. Swali ni la haki lakini huku picha tunapiga na nini? Kuna jamaa wa kuuza vifaa anatusukumia maikro-CT, ile skana ndogo ya eksirei ya wanyama, bei yake inameza granti yote na inabaki na njaa. Mwingine anasema kamera ya mwanga. Mwingine anasema twende na panya hospitali usiku wagonjwa wakiwa wamelala tutumie ultrasaundi yao. Na nimesikia Nairobi kuna PET, ile skani inayofuata dawa ya mionzi ndani ya mwili, kwani hatuwezi kuletewa ile dawa ya mionzi huku? Nani amewahi kufanya hii kazi kwa mikono yake anielezee bila kunificha?

kamera_baridi (Nakuru)

Dada pole na hiyo presha. Nimekaa miaka minne kwa chumba cha kupiga picha wanyama wadogo huko Uingereza kabla nirudi Nakuru, wacha nikuambie vile naona.

Kabla ya mashine niambie kitu moja: hizo seli mnaziweka wapi kwa mwili wa panya? Mkizichoma chini ya ngozi ubavuni uvimbe unauona na unaushika na kidole, hapo kalipa, ile rula ya kubana, inatosha, urefu mara upana mara upana gawa kwa mbili. Uvimbe wa milimita 10 kwa 8 unakuwa milimita 320 za ujazo. Lakini mkichoma kwa mshipa wa mkia, seli za Daudi zinasambaa, zinaingia uboho na uti wa mgongo, na panya SCID, yule anayezaliwa bila kinga, anaonekana mzima kabisa, anakula anacheza, mpaka asubuhi moja unamkuta anaburuta miguu ya nyuma. Hapo kalipa haina kitu ya kushika. Kwa huo ugonjwa uliosambaa ndio picha inakuwa na maana, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inafanana na mtoto anayefika wodini amechelewa.

Maikro-CT muiache. Inaona mfupa na mapafu vizuri juu mfupa na hewa viko mbali sana na nyama, lakini lymphoma kwa ini ama kwa tumbo ni nyama ndani ya nyama, yote kijivu, labda muweke dawa ya kontrasti na hata hapo mtahangaika.

Kamera ya mwanga ndiyo niliitumia mimi. Seli zinapewa jeni ya lusiferesi, ile ya kimulimuli, halafu siku ya picha unamchoma panya lusiferini, ile kemikali ambayo lusiferesi inaigeuza kuwa mwanga, tumboni. Kawaida ni miligramu 150 kwa kila kilo, unaitengeneza miligramu 15 kwa mililita ndio hesabu iwe rahisi, mikrolita 10 kwa kila gramu ya mwili, panya wa gramu 20 anapata mikrolita 200. Unangoja dakika 10 mpaka 15, unamlaza kwa kisanduku giza kabisa, kamera juu imepozwa mpaka nyuzi 90 chini ya sifuri ndio isijitengenezee kelele yake. Seli hai zinatoa mwanga mdogo sana ambao jicho lako haliwezi kuona ila kamera inahesabu. Seli ikifa hakuna mwanga, kwa sababu ile kazi inataka ATP, yaani nguvu ya seli, na oksijeni. Na hapo kuna mtego, uvimbe mkubwa katikati yake hakuna hewa, mwanga unapungua na wewe unafikiri dawa imeshika.

Wacha nikuambie kisa kilichonifunza. Kulikuwa na panya mmoja wetu, namba yake kwa sikio ilikuwa 14, wiki ya tatu amewaka mgongo mzima, wiki ya nne giza, hakuna hata nukta. Yuko kwa kundi la dawa. Tulifurahi, mwenye mradi akapiga simu kwa watu. Mimi nikatazama daftari nikaona siku hiyo nilichoma wanyama 18 mbiombio, nikaomba turudie kesho yake. Tukarudia, amewaka kuliko wiki iliyopita. Sindano yangu iliingia ndani ya utumbo badala ya nafasi ya tumbo, lusiferini ikaishia kwa mavi. Tangu siku hiyo sipigi picha moja. Napiga mfululizo kila dakika mbili ama tatu mpaka mwanga ufike kilele na uanze kushuka, ndio nachukua ile ya kilele, na panya akipiga giza ghafla narudia kabla sijaandika chochote.

Kitu ingine, mwanga unatawanyika kwa nyama, unapata wingu la rangi juu ya mgongo, haukuambii ni pingili gani. Na hizo namba linganisha panya na yeye mwenyewe wiki iliyopita, usilinganishe seli za ini na seli za ngozi juu za ndani zaidi mwanga wake unaliwa njiani. Panya SCID wa C.B-17 ni weupe, hiyo ni afadhali, weusi manyoya yanameza mwanga na lazima unyoe. Ukienda upande wa floresensi badala ya kimulimuli angalia chakula pia, chakula chenye lusani kina klorofili na utumbo wote utawaka.

dkt_mifugo_njoro

Salamu kwenu. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesimamia nyumba ya wanyama wa utafiti kwa muda. Kamera_baridi amesema vizuri juu ya kamera, mimi nataka kuzungumza juu ya panya, kwa sababu naona kila mtu anaanza na mashine.

Binti yangu, kwanza hilo la kwenda hospitali usiku lisahau. Panya SCID hana seli T wala seli B. Ukimtoa kwa kizimba chenye hewa iliyochujwa ukambeba kwa tuktuk mpaka chumba ambacho wagonjwa wamekohoa mchana kutwa, wiki moja baadaye utampoteza kwa nimonia na utaandika ni dondoo yako imemuua. Na upande wa pili, mama mjamzito asubuhi atalala kwa kitanda kilichopita panya mwenye seli za kansa na virusi, kwa sababu Daudi zina Epstein-Barr ndani yake. Hakuna kamati itakayokubali na isikubali.

Pili, kila picha ni nusukaputi. Wiki tano ni mara tano. Isofluraini asilimia 2 mpaka 3 kumlaza, halafu 1.5 mpaka 2 kumshikilia, na oksijeni. Kile kimashine cha kuvuta oksijeni kutoka kwa hewa kinatosha, hamhitaji mitungi. Lakini gesi inayotoka lazima inyonywe na chujio la mkaa la sivyo ni wewe na wenzako mnaivuta siku nzima. Panya wa gramu 20 ana ngozi nyingi kuliko mwili, akilala tu joto linamtoka, na watu wa Kisumu mnajidanganya kwamba huko ni joto. Nimeshika panya aliyelala dakika kumi kwa meza ya chuma, alikuwa baridi kama kokoto ya mtoni, pumzi moja moja. Mkeka wa joto nyuzi 37 tangu anapolala mpaka anapoamka na kutembea, na mafuta ya macho, kwa sababu akilala hafungi macho na yanakauka. Baridi pia inaharibu picha yenyewe, damu inazunguka polepole na lusiferini haifiki.

Tatu, usingoje kupooza. Hapa ndipo naipenda hiyo kamera kuliko kitu kingine. Kama picha inakuonyesha mgongo umeanza kuwaka, una haki ya kusimamisha kabla mnyama hajaburuta miguu. Andika kwa protokali kabisa kwamba mwanga ukifika kiwango fulani, ama uzito ukishuka asilimia 20, panya anauawa bila maumivu. Russell na Burch waliandika mambo ya kupunguza mateso na idadi mwaka 1959 na bado tunayarudia.

Nne, na samahani kama nakukosoa mbele za watu, makundi mawili hayakutoshi. Unasema dondoo pamoja na dawa. Ukiwa na kundi lisilotibiwa na kundi la mchanganyiko, uvimbe ukipungua utajuaje kama ni dondoo ama ni cyclophosphamide peke yake? Unahitaji makundi manne: maji tu, dondoo tu, dawa tu, vyote viwili. Kwa njia yenu ya kuua, hata mkiweka watano watano hiyo ni panya 100. Kwa picha ni 20. Kuna hesabu ya haraka, jumla ya wanyama toa idadi ya makundi, ibaki kati ya 10 na 20. Ishirini toa nne ni 16. Mko sawa.

Mwisho stima. Vizimba vya hewa iliyochujwa vina feni, stima ikipotea hewa inasimama na panya wako ndani ya plastiki iliyofungwa. Mahali fulani nilipofanya kazi mashine ya picha ilikuja kwa msaada kabla nyumba ya wanyama haijaisha, ikakaa kwa ushoroba ndani ya kreti mwaka na zaidi, watu wanapita wanaigusa, na panya wa kwanza walikufa usiku mmoja kwa sababu jenereta haikuwaka yenyewe. Nilikuta vizimba vyote vimepata ukungu kwa ndani. Sijasahau.

nyarnam_maabara

Daktari asante, na hapana sijakasirika, nimesoma ile ya makundi manne nikaenda kwa supavaisa saa hiyo hiyo, amenyamaza kidogo akasema ni kweli. Tunaandika upya.

Jenereta tuko nayo lakini inawashwa na askari wa zamu. Nimeelewa.

Kamera_baridi kujibu swali lako, tulikuwa tumepanga chini ya ngozi, juu ni rahisi. Lakini vile umeandika juu ya mtoto aliyechelewa imenikaa kichwani. Labda tuanze chini ya ngozi kuona kama dondoo ina nguvu yoyote, halafu mshipa wa mkia baadaye? Na bado hakuna aliyenijibu mambo ya PET na ultrasaundi.

mpiga_eksirei_eldoret

Omera nilikuwa nangoja hiyo ya PET. Mimi ni mtu wa radiolojia ya binadamu, panya nimewagusa mara chache tu, lakini fizikia ni ile ile.

Ile dawa ya PET ni FDG, sukari yenye mionzi. Ina florini-18, nusu yake inaisha kila dakika 110. Saiklotroni, mashine za kuitengeneza, ziko Nairobi, hospitali ya Kenyatta University wako nayo na Aga Khan wako nayo. Kutoka huko mpaka Kisumu kwa barabara ni kama kilomita 350, weka saa saba ukiwa na malori ya Mau Summit mbele yako. Saa saba ni dakika 420, nusu inakatwa karibu mara nne, ukitoka na mia unafika na saba. Panya anahitaji kidogo tu, megabekereli 5 mpaka 10, kwa hivyo kusema kweli ungeweza kuagiza nyingi ikafika inayotosha. Shida yenyewe ni kwamba huku huna skana ya kumlaza. Na ukimpeleka panya Nairobi kwa skana ya watu, ile inatofautisha vitu vya milimita 4 ama 5, figo nzima ya panya ni kama sentimita moja, utaona madoa mawili matatu yamevimbiana. Za wanyama wadogo zinafika milimita moja hivi. Halafu panya aliyeona baridi kidogo mafuta yake ya kahawia shingoni yanakula ile sukari yote na yanawaka kama uvimbe, mtu anaweza kuita hiyo kansa. PET iweke kando kwa sasa. MRI ya panya, hizo za tesla 7 na 9.4, usiniulize hata heliamu itatoka wapi.

CT nina neno zaidi ambalo hakuna amesema na linanitia hofu. SCID wana hitilafu kwa jeni ya kutengeneza DNA iliyokatika, ndio maana hawana kinga, na ndio maana pia mionzi inawaumiza kuliko panya wa kawaida. Na lymphoma yenyewe ni kansa inayosikia mionzi haraka. Sasa ukimpiga CT kila wiki kwa wiki tano, unamtibu na mashine ya picha. Uvimbe utapungua kwa makundi yote manne na hutajua nini kilifanya. Huyo jamaa wa kuuza vifaa muulize mionzi mingapi kwa kila skani na uone kama anaweza kukujibu kwa miligrei, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Na hata ukinunua, kuna leseni ya mamlaka ya nyuklia, ile KNRA, chumba chenye kinga, beji za kupima mionzi kwa kila anayeingia.

Ultrasaundi sasa, hiyo naipenda. Usiende hospitali, daktari amesema ukweli. Tafuta mashine ya kubebeka iliyotumika, yenye proubu iliyonyooka (linear) ile tunatumia kwa tezi na matiti, 12 mpaka 15 megahezi. Kwa 15 urefu wa wimbi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Za panya zenyewe zinaenda 30 mpaka 70 na zinaona vitu vidogo zaidi lakini bei ni ya dunia nyingine. Ikae kwa nyumba ya wanyama na isitoke humo tena. Kwa uvimbe wa chini ya ngozi inakupa kitu ambacho kalipa haina, yaani kina. Urefu mara upana mara kina mara 0.52. Kalipa inabana ngozi na mafuta, na uvimbe uliozama kwa misuli inauona nusu. Pia unaona kama katikati kumekufa, panakuwa peusi, hapo ndipo utaelewa mbona mwanga wa kamera umepungua. Nyoa, ondoa manyoya yote, jeli uipashe kwanza juu jeli baridi kwa tumbo la panya ni kama kumwaga maji ya barafu. Na mtu mmoja apime wote, asijue nani yuko kundi gani. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau.

mulembe_mayai (Kakamega)

Mulembe wapendwa. Naona mmefika mpaka tesla na mimi nataka kuleta mayai.

Sitanii. Yai la kuku lililokutana na jogoo, siku 21 mpaka kuangua. Ukiliweka kwa inkubeta nyuzi 37.5, siku ya tatu unatoa ute mililita mbili tatu na sindano ndio utando ushuke, unakata dirisha dogo kwa ganda, unaziba na selotepu. Siku ya nane mpaka kumi unaweka seli juu ya ule utando wa mishipa ya damu. Kifaranga hana kinga iliyokomaa mpaka karibu siku ya 18 kwa hivyo seli za binadamu zinakua bila kufukuzwa. Siku nne tano baadaye unaona kitu cha ajabu, mishipa midogo ya damu imegeuza njia yote inaelekea pale kwa uvimbe, kama mito ya huku inavyokimbilia Nzoia. Unapiga picha kwa simu kupitia hadubini ya kukatia, unahesabu. Unamwekea dondoo, unahesabu tena. Seli za lymphoma zimewahi kukuzwa hivyo.

Mimi nanunua trei ya mayai 30 kwa jirani mwenye kuku wa kienyeji walioboreshwa, nikibaki na 18 hai siku ya kumi nashukuru. Kabla hujaagiza panya hata mmoja ungejua dozi gani haina maana kabisa na gani inaua kifaranga.

Nyarnam kitu moja nikuonye kwa upendo, huko kwenu Kisumu ni joto. Ukichanganya seli na Matrigel, ile jeli ya kuzishikilia, ikapita nyuzi kama 10 inaanza kuganda. Mara ya kwanza nilitoa bomba la sindano kwa barafu nikalishika mkononi nikiongea na mwenzangu, nikaja kusukuma, haisukumiki, imekuwa jeli ndani ya sindano na seli zangu za wiki mbili ziko humo. Weka mabomba, sindano, ncha za pipeti, zote kwa friza usiku uliotangulia, na fanya kazi yako juu ya barafu, na usizungumze na mtu.

kamera_baridi (Nakuru)

Mayai napinga kidogo, ndugu yangu wa Kakamega. Yai halina tumbo la kumeza dondoo wala ini lililokomaa la kuibadilisha, na cyclophosphamide yenyewe haifanyi kazi mpaka ini liiwashe. Ukiona mchanganyiko haukusaidia kwa yai unaweza kutupa kitu kizuri.

mulembe_mayai (Kakamega)

Hiyo ya ini umenishika, kweli. Basi yai litumike kwa dondoo peke yake, sio mchanganyiko. Kuchuja tu.

dkt_mifugo_njoro

Hapo sawa. Lakini kamati iulizwe pia kuhusu mayai, usidhani kwa sababu ni yai halihusu. Na kwa panya, mbali na kamati ya wanyama, hakikisha leseni ya NACOSTI, ile tume ya sayansi ya kitaifa, iko na kibali cha idara ya mifugo cha kuwaingiza SCID nchini, hicho kianze mapema.

kamera_baridi (Nakuru)

Niongeze moja kabla nilale. Kamera ya kimulimuli msinunue peke yenu. Ongeeni na vyuo vya huku, Maseno wako hapo, Masinde Muliro, Egerton, na watu wa malaria pia, juu vimelea vya malaria wanavitia jeni hiyo hiyo na kuviangalia kwa ini la panya. Kamera moja, nyumba moja ya wanyama yenye jenereta ya kujiwasha, fundi mmoja aliyesomea, na pesa ya sevisi imeandikwa kwa bajeti tangu mwaka wa kwanza. Ile sehemu ya kupoza kamera ikifa hakuna fundi wa mtaani. Nimeona kamera nzuri sana imekufa miezi minane ikingoja kipuri.

Na seli mkizipa jeni ya kimulimuli zipimeni upya kabla ya kuingiza kwa panya, zinagawanyika kwa kasi ile ile? zinasikia cyclophosphamide vile vile? hazina mikoplasma, wale bakteria wadogo wanaoingia kwa seli za maabara? Mkiruka hapo mtakuwa mnatibu seli nyingine.

nyarnam_maabara

Nimesoma yote mara mbili na nimemprintia supavaisa. Nawaambia tulichoamua leo jioni ndio mnikosoe kama kuna shimo.

Maikro-CT tumeiacha, nilimpigia yule jamaa nikamuuliza miligrei, akasema atanirudia. Mayai tunaanza mwezi ujao, dondoo peke yake, dozi tano. Panya tunaanza na wachache wa kujifunzia chini ya ngozi, kalipa na ultrasaundi pamoja, ili tuone namba mbili zinakubaliana wapi na zinaachana wapi. Halafu makundi manne ya watano. Mshipa wa mkia tunaandika kama awamu ya pili kwa sharti kamera ya pamoja ipatikane, na supavaisa tayari ameandikia watu wawili Maseno. Sehemu ya pesa iliyokuwa ya mashine inaenda kwa swichi ya jenereta ijiwashe yenyewe, mikeka ya joto, na isofluraini na chujio lake.

Mpiga_eksirei, kuna mashine ya ultrasaundi iliyotumika tumeonyeshwa Kondele, proubu yake imeandikwa 5 mpaka 12. Muuzaji anasema ni sawa tu. Ungekuja Jumamosi utuangalie? Nauli tutalipa, na mama atapika samaki.

mpiga_eksirei_eldoret

12 inaweza kwa uvimbe kuanzia milimita tatu nne, chini ya hapo utakisia. Usilipe kitu kabla nifike. Mwambie aiwashe, uweke maji kwa glavu, ndani utie mbegu ya maharagwe na punje ya mchele, uniambie kama unaona punje. Jumamosi saa nne niko stendi.